Kuanza easofti Uingereza: nikodi, ninunue ya rangi, au nisubiri UKARA?

MwanaTanga_Leicester
Wakuu, habari za jioni. Kuna jamaa kazini wamenialika kucheza easofti, ule mchezo wa kugawana timu mbili na kuviziana porini kwa bunduki za gololi za plastiki, zile za milimita 6. Ushauri ninaopewa unanichanganya. Mmoja anasema nikodi bunduki palepale uwanjani. Mwingine anasema ninunue leo leo ile iliyopakwa rangi ya buluu. Wa tatu anasema nivumilie mpaka niingie UKARA, daftari la wachezaji, ndipo ninunue nyeusi inayofanana kabisa na ya kweli. Nina pauni 250, na nina mdogo wangu wa miaka 16 ambaye ameshaapa habaki nyumbani. Nishike lipi? Na jamani, sitaki kesi na polisi, vibali vyangu vya kuishi hapa bado vinashughulikiwa.

Kapteni_Likoni
Karibu mchezoni kaka. Jibu langu ni moja tu: kodi.

Sababu iko kwenye sheria yenyewe. Violent Crime Reduction Act ya 2006 inakataza kuuza, kuingiza nchini au kutengeneza bunduki bandia inayofanana na ya kweli. Wachezaji wa easofti tumeachiwa mlango mdogo, mradi mchezo unafanyika mahali penye bima ya kufidia watu wengine. UKARA ndiyo njia ya kuonyesha kwamba unapita mlango huo. Wengi wanadhani ni leseni ya polisi, lakini ni daftari tu la wachezaji. Muuzaji anaangalia namba yako humo kwa sababu akikuuzia kiholela mwenye kosa ni yeye. Ili uingizwe lazima uwe na miaka 18 na uwe umecheza mara tatu kwenye uwanja uliosajiliwa, tena ndani ya muda usiopungua siku 56. Huwezi kuzimaliza wikiendi mbili.

Kwa hiyo hata ukiwa na haraka, miezi miwili hiyo utacheza na bunduki ya nani? Ya kukodi. Mwisho wa siku utakuwa umeshashika aina kadhaa mkononi na unajua kama unapenda kukimbia mbele au kulala kichakani.

Bi_Mwanaidi_MK
Kapteni nakuheshimu, ila hapa tunatofautiana. Bunduki za kukodi viwanja vingi zimechoka. Unafyatua, gololi inakata kona kama daladala, unamaliza siku hujampata mtu na unajiona hujui kitu. Mimi nilianza na ya rangi na sijuti.

Ya rangi haihitaji UKARA. Ukiwa na miaka 18 unanunua dukani unaondoka nayo. Sharti ni sehemu kubwa ya mwili wake iwe na rangi ya kung'aa kati ya zile zilizotajwa kisheria: nyekundu, chungwa, njano, kijani, waridi, zambarau au buluu. Ndani mashine ni ileile. Wanaokucheka kwa buluu yako, wapige gololi.

Ila tahadhari moja. Ukichoka na rangi usiende kuipaka nyeusi mwenyewe kabla hujawa mchezaji anayetambulika. Kuigeuza ifanane na ya kweli nako kumetajwa kwenye sheria hiyohiyo kuwa kosa.

Kapteni_Likoni
Hapo kwenye kona za daladala umeniweza dada. Lakini siku ya kuiuza hiyo buluu utalia, maana wanunuzi wake ni wachache. Na mwenzetu ana pauni 250 tu. Akitoa 150 kwenye bunduki, miwani atanunua ya nini? Ya kuchomelea vyuma?

Fundi_Betri
Afadhali umetaja miwani, maana ndiko pesa ya kwanza iende. Mkuu, kabla ya bunduki, nunua kinga ya macho. Miwani ya jua haifai, na ile ya kazini pia usiiamini mpaka uisome.

Chukua miwani, igeuze, tafuta maandishi madogo EN 166, kiwango cha Ulaya cha kinga ya macho, pembeni ya kioo na kwenye fremu. Baada ya hapo kuna herufi. F maana yake ilipimwa kwa kipira cha chuma kinachokwenda mita 45 kwa sekunde, nguvu yake jouli 0.87. B ni mita 120 kwa sekunde, jouli 6.2. Sasa piga hesabu: bunduki ya kawaida uwanjani inatoa gololi ya gramu 0.20 kwa futi 350 kwa sekunde, sawa na jouli 1.14 hivi. F imeshapitwa. Tafuta B. Na kama kioo kina B lakini fremu ina F, hesabu kwamba una F.

Miwani ya wavu haipati ukungu, nakubali, lakini gololi ikipasukia kwenye wavu vipande vinaweza kupenya. Mimi situmii. Ongeza barakoa ya kufunika mdomo, meno ni ghali kuliko bunduki. Uwanjani miwani haivuliwi hata kama una ukungu, jasho au mbu. Unapiga kelele, marefa wanasimamisha mchezo, unatolewa nje.

Kuhusu aina: chukua ya umeme. Za gesi ni tamu lakini kwenye baridi ya Januari gesi inapoteza msukumo na bunduki inakohoa. Betri anza na lipo, yaani ya lithiamu, ya volti 7.4. Ya 11.1 itaunguza swichi ya bunduki ambayo haikutengenezwa kwa hiyo. Chaji kwa chaja inayosawazisha seli, usichaji ukalala, na betri iliyovimba haitumiki tena hata kama bado ina moto.

Bi_Mwanaidi_MK
Fundi amesema kweli tupu. Niongeze kuhusu nguvu: tangu sheria ya 2017, mwisho ni jouli 1.3 kwa bunduki inayofyatua mfululizo na 2.5 kwa ya risasi moja moja. Ikizidi hapo haiitwi tena easofti, ni silaha ya moto. Asubuhi uwanjani wanapima kila bunduki kwa mashine. Usikubali springi ya rafiki "iliyoongezwa kidogo".

Na mdogo wako: chini ya miaka 18 haruhusiwi kununua hata ya rangi, na hakuna wa kumuuzia. Wewe unaweza kununua ukampa zawadi. Kucheza anaweza, ila kila uwanja una umri wake na fomu ya mzazi au mlezi. Piga simu kwanza.

Msafiri_Hamburg
Kwa walioko Ujerumani msinakili haya yote. Huku mpaka jouli 0.5 ni kuanzia miaka 14. Juu ya hapo lazima uwe na 18, bunduki iwe na alama ya F ndani ya pembe tano, na kufyatua mfululizo ni marufuku kabisa. Barabarani inakaa kwenye begi lililofungwa kwa kufuli.

Mlubumbashi_Ohio
Ndugu zangu, nawasoma kutoka Marekani. Huku bunduki ya kuchezea inauzwa na ncha ya rangi ya chungwa. Novemba 2014, hapa Cleveland, mtoto wa miaka 12, Tamir Rice, aliuawa na polisi akiwa bustanini na bunduki ya easofti ambayo ncha hiyo ilikuwa imetolewa. Alikuwa mweusi kama sisi. Basi nyumbani kwangu hiyo kitu haitoki nje ya begi. Si kwenye uwanja wa nyuma, si dirishani, si kwa kupiga picha ya Instagram mbele ya nyumba.

Kapteni_Likoni
Na Uingereza ni hivyohivyo. Kubeba bunduki bandia hadharani bila sababu ya msingi ni kosa chini ya Firearms Act ya 1968, iwe nyeusi au ya buluu. Kwenda uwanjani ni sababu, kupitia nayo kinyozi njiani si sababu. Magazini imetolewa, betri imechomolewa, begi limefungwa, moja kwa moja.

MwanaTanga_Leicester
Nashukuru sana wakuu, na wewe Bi Mwanaidi. Nimeamua: nakodi, miwani ya B mbili, barakoa mbili, inayobaki naweka. Uwanja umekubali dogo aje na fomu. Maswali mawili ya mwisho. Desemba naenda Tanga, nikiwa na bunduki naweza kwenda nayo? Na viatu, raba zinatosha?

Bi_Mwanaidi_MK
Tanga usiende nayo. Bila jibu la maandishi kutoka polisi wa kule na shirika la ndege, iache Leicester.

Fundi_Betri
Raba hapana, matope ya huku unayajua. Buti za kupanda mlima zinazoshika kifundo. Na njoo na gololi za kuoza ardhini, viwanja vingi vya nje havipokei za kawaida.