Dogo alikuwa na mafua makali, sasa hawezi kutembea na mkojo umekuwa kama chai ya rangi

Kaka Mkubwa wa Tandika:
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri wa haraka. Mdogo wangu ni kuli Kariakoo. Wiki iliyopita alishikwa na mafua makali, homa na kikohozi. Homa ikashuka, tukajua kapona. Jana mapaja na vigimbi vikaanza kumuuma, ukimgusa tu anapiga kelele, na kushuka kitandani mpaka ashikwe. Leo kakojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Zahanati wamepima malaria, hakuna. Wakasema UTI, wakampa vidonge na sindano ya diklofenaki, nyingine kesho. Tumalize dozi kwanza?

Bi Mwajuma:
Pole sana baba. Hicho si kichocho kweli?

Mzee wa Maabara:
Bi Mwajuma, kichocho hutoa damu hasa mwishoni mwa kukojoa, na hakimlazi mtu kwa maumivu ya mapaja.
Mkuu, msimalize dozi yoyote, mpelekeni hospitali kubwa usiku huu. Virusi vya influenza, hata vya korona, vinaweza kuvunja misuli. Inaitwa rabdomayolisisi. Misuli ikivunjika inamwaga protini yake iitwayo mayoglobini kwenye damu, ndiyo inayotia mkojo rangi hiyo, na ikizidi inaumiza figo. Potasiamu, madini yaliyomo ndani ya misuli, nayo hupanda kwenye damu, na hiyo inaweza kusimamisha moyo. Ombeni kipimo cha damu kiitwacho CK, kinachoonyesha misuli imevunjika kiasi gani, kreatinini ya kuangalia figo, na potasiamu. Kuna jambo linapotosha wengi: kijiti cha mkojo kitasoma "damu", lakini kwenye darubini chembe nyekundu hazionekani, au ni chache mno. Mwambieni daktari kuhusu mafua, mkojo, na ile sindano. Diklofenaki na ibuprofeni si rafiki wa figo zilizo taabuni, ya kesho asichome.

Mama Wawili Kimara:
Mwanangu wa darasa la kwanza naye baada ya mafua aliamka anatembea kwa ncha za vidole, vigimbi vinauma. Mkojo ulikuwa safi. Daktari alisema kwa watoto hutokea na huisha yenyewe ndani ya wiki, na ikawa hivyo. Ila mkojo ukiwa mweusi ni habari nyingine, kimbieni.

Kaka Mkubwa wa Tandika:
Tumechukua bajaji. Nitarudi.

Kaka Mkubwa wa Tandika:
Wakuu, amelazwa. CK imezidi elfu ishirini, kreatinini imepanda kidogo, moyo wamepima uko sawa. Anatiririshiwa dripu na kila mkojo unapimwa kwenye chupa. Asubuhi hii umeanza kuwa wa njano. Anauliza atarudi lini kazini, ana deni la kodi.

Mzee wa Maabara:
Alhamdulillah. Kubeba magunia asahau kwanza, hadi CK ishuke na daktari aruhusu. Kama ana rafiki mwenye genge, akae auze nyanya. Na muulizeni kama aliwahi kukojoa hivyo baada ya kazi nzito. Kama ndiyo, daktari lazima ajue, huenda misuli yake ina hitilafu ya kuzaliwa.