Hivi hizi sheria zinamsaidia kweli mwanamke kwenye ndoa?

Mdogo wake Dada
Habari zenu wakuu. Dada yangu ndoa yake imevunjika baada ya miaka 12, nyumba walijenga wote ila imeandikwa jina la mume peke yake. Sheria ninavyoisoma inasema mali mlizochuma pamoja mnagawana, sasa kila akifika mahakamani anaulizwa ushahidi wa mchango wake, na yeye alikuwa anapika, analea, anasimamia mafundi juani, risiti ya hayo anaitoa wapi? Kesi imeahirishwa weee mpaka ameanza kusema bora aachane nayo. Hizi sheria zina kazi gani basi?

Kinubi
Pole kwake. Sheria za familia mara nyingi zinafika nyumba ikishaungua. Mtu kapigwa usiku, asubuhi anaenda kuripoti anaambiwa mkayamalize nyumbani, akikomaa ndugu wanamweka kikao, unataka baba watoto wako afungwe? nani atawalisha? Hilo la nani atawalisha ndo linaua kesi nyingi kuliko ubovu wa sheria wenyewe. Mwanamke hana hela yake, hana pa kulala, hata umpe vifungu mia atarudi kule kule alikopigwa.

Bibi Mkali
Kinubi nakukatalia nusu. Mnasahau tulikotoka. Ufaransa hiyo mnayoiona, mke kufungua akaunti benki na kufanya kazi bila ridhaa ya mume ni sheria ya 1965, juzi tu hapo. Uingereza ni 1991 ndo mahakama ya juu ilisema wazi kwamba mume anaweza kushtakiwa kwa kumbaka mkewe. Hao wanaume hawakulala wabaya wakaamka malaika, hapana, ila mume akijua mke ana fungu lake kisheria hata sauti anayoongea naye ndani inashuka. Hiyo kazi ya sheria huwezi kuiona mahakamani kwa sababu hao hawafiki huko.

Jembe1
Na sisi wanaume nani anatulinda??

Bibi Mkali
Jembe sheria ya kugawana mali inakuhusu na wewe, mke akiwa ndo mwenye nyumba utaikimbilia mwenyewe. Soma kwanza.

Msoma Vifungu
Mnachanganya sheria na utekelezaji. Kuna mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1979 wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, kifungu cha 16 ndo cha ndoa na familia, kinataka mke na mume wawe na haki sawa kwenye kuoana, kuachana, watoto na mali. Nchi zaidi ya 180 zimeridhia ila kibao ziliingia huku zimesema kifungu hicho hatukifuati chote, na Marekani ilisaini 1980 mpaka leo haijaridhia. Yaani kila mtu anasaini mambo ya kura na ajira, akifika mlangoni kwa familia anasita.

Sasa kwa dada yako, asikate tamaa mapema, maana nchi nyingi siku hizi mahakama zinahesabu kulea watoto na kazi za nyumbani kama mchango. Lakini hakimu hatabahatisha, lazima aonyeshwe. Fundi aliyekuwa anapokea maelekezo kwake ni shahidi, jirani ni shahidi, miamala ya simu, meseji za kuagiza saruji, picha za ujenzi zenye tarehe, vyote hivyo. Na atafute msaada wa kisheria wa bure, asiende peke yake tena.

Mdogo wake Dada
Msoma Vifungu umenifumbua macho. Fundi mmoja bado tunawasiliana. Meseji dada alikuwa anatumia simu yake ya zamani, ipo kwenye droo kwangu, chaja ndo sijui ilienda wapi. Naenda kuitafuta sasa hivi.