Nikirudisha nilichopunja, nitakuwa nimeikana neema?

Muuza Omena, Kibuye

Bwana asifiwe, wapendwa. Naomba ushauri, maana jambo hili limeninyima usingizi.

Nauza omena, yaani dagaa, hapa Kisumu, soko la Kibuye. Kwa miaka minne nilipimia watu kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia, niliyoibonyeza. Kwa asiyejua: unageuza mkebe, unaugonga katikati kwa jiwe mpaka kitako kinaingia ndani. Ukiujaza, juu omena zinapanda kama kichuguu na mteja anafurahi. Chini hamna kitu. Kila gorogoro nilibakiza konzi moja, siku nyingine mbili.

Niliokoka mwezi wa nne. Mkebe ule niliuponda kesho yake. Lakini kila nikipima sasa naziona zile nyuso. Mchungaji ananiambia nimeshasamehewa, siko chini ya sheria bali chini ya neema, Warumi 6:14, na kwamba nikianza kulipa nitakuwa namlipa Mungu deni ambalo Yesu alishalimaliza. Mama mkwe wangu ni Msabato wa Kendu Bay. Yeye anasema amri ya nane, Usiibe, haikufa msalabani.

Wateja watatu nawajua vizuri. Mmoja ana kibanda cha chakula, alikuwa anakuja kila Jumanne na beseni lake la bluu. Wa pili hupika shuleni. Wa tatu ni jirani. Wengine wote walipita tu. Nikirudisha, je, nitakuwa najinunulia wokovu?

Kijana wa Nyalenda

Dada, sikiliza mchungaji wako. Wagalatia waliandikiwa barua nzima kwa sababu walianza kwa imani, kisha wakaja watu kuwaambia haitoshi, lazima watahiriwe. Leo si tohara, ni malipo. Shetani anatumia dhamiri yako kukurudisha utumwani. Kaa katika neema.

Msabato Mwenzake Mama Mkwe

Humu tunasemwa kwamba tunashika amri ili tuokolewe. Siyo. Neno lilifika Gendia, huko Kendu Bay, mwaka 1906 na tangu hapo tumefundishwa kwamba anayeokoa ni Kristo. Fungua Kutoka 20. Kabla ya amri hata moja, mstari wa pili Mungu anasema ndiye aliyewatoa Misri, katika nyumba ya utumwa. Aliwatoa kwanza, amri zikafuata. Hakuwapelekea amri kule kwa Farao akawaambia wakifaulu atawatoa.

Kijana, soma pia mstari unaofuata ule wa mchungaji. Warumi 6:15: tufanye dhambi kwa sababu hatuwi chini ya sheria? Paulo anajibu, Hasha!

Mwalimu Mstaafu, Maseno

Binti yangu, nimesoma ulichoandika mara mbili. Naona madeni mawili yamefungwa kitambaa kimoja, tuyafungue.

Deni la kwanza ni lako na Mungu. Hilo huwezi kulilipa, hata ukiuza kibanda chako na shamba la mume wako. Hapo mchungaji amesema kweli tupu, usimwache mtu akuondolee hiyo raha. Deni la pili ni konzi za omena. Hizo zilitoka kwenye sahani za watu, na watu hao wako hai, wengine hapo hapo Kibuye. Msalaba ulikupatanisha na Mungu. Haukumjazia yule mama beseni lake la bluu.

Mimi nimelelewa na watu wa uamsho, ule uliotoka Rwanda ukaingia Kenya miaka ya 1930. Nikiwa mtoto nilimwona mtu mzima akiingia boma letu na jembe begani. Alilichukua kabla sijazaliwa. Mpini ulikuwa mpya, ule wa zamani ulishaliwa na mchwa. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa anaimba njiani, nasi tulimsikia kabla hatujamwona. Mtu anayelipa ili akubaliwe haimbi hivyo.

Kijana wa Nyalenda

Mwalimu, kwa heshima. Zakayo, yule mtoza ushuru, alisema atarudisha mara nne, na baada ya hapo ndipo Yesu akasema wokovu umefika nyumbani humu. Si inaonekana alilipa kwanza?

Mwalimu Mstaafu, Maseno

Swali zuri, nashukuru umeliuliza. Rudi nyuma, Luka 19:5. Zakayo yuko juu ya mkuyu, hajatoa hata senti, na Yesu anamwita kwa jina: shuka upesi, leo imenipasa kushinda nyumbani mwako. Watu wakanung'unika kwa sababu aliingia kwa mwenye dhambi. Zakayo alifungua mfuko wake akiwa tayari ana Mgeni.

Mama Mboga, Kondele

Mimi theolojia sina, soko ninalo. Dada, nenda kwa wale watatu, peke yako, asubuhi kabla wateja hawajajaa. Sema ulichofanya bila kuzungusha. Usimtaje shetani, wewe ndiye uliyeshika jiwe. Torati ilisema urudishe na kuongeza sehemu ya tano, Walawi 6. Si lazima upige hesabu ya kila konzi, ila usiende na pungufu.

Wale usiowajua, wapimie Luka 6:38: kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika. Tikisa mkebe, omena zishuke, jaza tena. Fanya hivyo hata kwa mtoto aliyetumwa.

Muuza Omena, Kibuye

Wapendwa, nimerudi. Jana nilienda kwa mama wa kibanda na gorogoro nne za omena. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kiti alichonipa sikuweza kukikalia. Alinyamaza muda mrefu, akakoroga sufuria, akaifunika. Kisha akasema, "Nilijua. Nilizipima nyumbani mwaka juzi."

Nikamuuliza kwa nini basi aliendelea kununua kwangu. Akasema aliona nina mtoto mchanga mgongoni.

Omena alizipokea. Pesa alikataa. Jumanne anakuja na beseni. Jirani nitamwona leo jioni, na yule wa shule Jumatatu.