Sikukopa, sikudhamini, lakini nadaiwa: nani aliwapa wakopeshaji wa mtandaoni namba yangu?

Wakuu, salaam.

Naandika uzi huu nikiwa na hasira ambayo nimeikalia kwa siku tisa, na kama kauli yangu itakuwa kali mahali fulani naomba mnivumilie, kwa sababu njia za upole nimezijaribu zote. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro. Sijawahi kukopa hata shilingi moja kupitia programu ya simu, sijamdhamini mtu, sijatia saini popote. Hata hivyo, tangu Jumatatu ya wiki iliyopita nimepigiwa simu zaidi ya ishirini na watu wasiojitambulisha, wanaonitaka ama nilipe deni, ama nimtafute mdaiwa "popote alipojificha".

Simu ya kwanza iliita saa nne asubuhi nikiwa darasani, sikupokea. Zikafuata nyingine tatu mfululizo kutoka namba tofauti, nikadhani kuna msiba nyumbani, nikatoka nje. Kijana mmoja mwenye sauti ya kistaarabu kabisa akaniuliza, "Naongea na Mwalimu Hesabu Kidato cha Pili?" Nikaitikia bila kufikiri. Ni baada ya kurudi darasani ndipo nilipotambua kwamba hakuna binadamu anayeniita hivyo kwa mdomo. Hilo si jina langu. Ndivyo mzazi mmoja wa mwanafunzi wangu alivyoihifadhi namba yangu katika simu yake, na yule kijana alikuwa akilisoma neno kwa neno.

Akaniambia kwamba mama huyo amekopa, muda wa marejesho umepita, na kwamba mimi ndiye mdhamini wake. Nikamwuliza nimedhamini lini na kwa karatasi gani. Jibu lake nimeliandika lilivyo: "Namba yako ipo kwenye mfumo, mwalimu." Yaani kuwapo katika simu ya mtu kumekwisha kuwa udhamini.

Siku ya tatu nikajikuta nimeingizwa katika kundi la WhatsApp ambalo jina lake lilikuwa ni tangazo la kumtafuta tapeli. Tulikuwa watu arobaini na sita. Picha ya kundi ilikuwa ya yule mama akiwa ameshika kitambulisho chake cha NIDA usawa wa kidevu, picha aliyojipiga mwenyewe siku ya kuomba mkopo kwa sababu programu ilimlazimisha. Humo ndani alikuwamo mkuu wangu wa shule, wazazi wenzake, mama mkwe wake, kiongozi wa kwaya anakosali, na hata mwuza genge wa mtaani kwao. Chini ya picha waliandika kwamba amekimbia na fedha za watu na kwamba kila aliyemo humo amekwisha kutajwa kuwa mshirika wake. Binti yake, ambaye ni mwanafunzi wangu, hakuonekana shuleni siku mbili zilizofuata. Mnajua wenyewe namna watoto wanavyochekana.

Mama alikuja kuniona. Alikuwa ameomba shilingi 60,000 ili amalizie mahitaji ya shule ya binti huyo huyo, zikaingia 42,000 baada ya kukatwa kilichoitwa ada ya huduma, na akatakiwa kurejesha 66,000 ndani ya siku saba. Alikwisha kulipa 40,000 kabla biashara yake ya vitumbua haijayumba. Sitetei kutolipa, dawa ya deni ni kulipa, na yeye mwenyewe analijua hilo kuliko mimi. Lakini deni hilo ni lake na la aliyemkopesha. Mimi, mkuu wa shule na mwuza genge tumeingiaje?

Tumeingia kwa kubofya neno moja. Programu ya aina hii inapofunguliwa kwa mara ya kwanza huomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina na namba, ujumbe mfupi, picha na mahali ulipo, na ukibofya "Kataa" haiendelei mbele. Tangu toleo la 6 la Android, lililotoka mwaka 2015, simu humwuliza mtumiaji kuhusu kila ruhusa nyeti peke yake badala ya kumkubalisha zote kwa mkupuo wakati wa kusakinisha, na ulikuwa mpango mzuri. Ila mtu ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani asubuhi hiyo atabofya "Ruhusu" mara zote watakazotaka. Akishabofya, orodha yote inapakiwa katika seva yao, na kuifuta programu baadaye hakurudishi hata jina moja. Ujumbe wa miamala ya fedha husomwa ili wajue mtu anaingiza kiasi gani. Orodha ya majina haisomwi kwa ajili ya kupima uwezo wake wa kulipa. Husomwa kwa ajili ya siku atakayoshindwa.

Jambo lililonikera kuliko yote nililigundua nilipokaa na mama huyo tukalinganisha waliokuwamo katika lile kundi na orodha iliyomo katika simu yake. Ana namba zaidi ya mia tatu. Hawakuchukua zile arobaini na sita kwa kufuata alfabeti, wala kwa kuangalia nani huzungumza naye mara nyingi. Walichukua walioandikwa "Bosi", "Mama Mkwe", "Mwenyekiti Kikoba", "Mchungaji", "Mwalimu", "Shemeji Dodoma". Fundi bomba hakuguswa. Dereva wa bodaboda, ambaye ndiye anayempigia kila siku, hakuguswa. Mtu fulani alikaa chini, akayasoma majina tunavyoyaandika sisi wenyewe kwa lugha yetu, akachagua yale ambayo mbele yao mwanamke wa hapa kwetu angeona heri ardhi ipasuke immeze. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba haya yanafanywa na mashine iliyoko ng'ambo isiyotujua. Anayechagua anajua vizuri sana maana ya mama mkwe.

Tukija kwenye sheria, ndipo hasira yangu inapopanda, kwa sababu sheria zipo. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake imekwisha kuzinduliwa. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kumtumia mtu mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtesa kihisia. Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2024, na Novemba mwaka huo huo ikatangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Nimeisoma orodha ile yote na programu iliyotufikisha hapa haimo, na sishangai. Programu hizi hubadili majina kama mtu anavyobadili kanga, ikifungwa leo kwa jina hili, wiki ijayo inarudi na jina jingine na nembo ya rangi nyingine, huku wapigaji simu ni wale wale.

Hata Google wenyewe wana kanuni. Tangu tarehe 31 Mei 2023 programu za mikopo binafsi zilizomo katika Play Store haziruhusiwi kugusa orodha ya namba wala picha za mtumiaji, na mkopo unaotakiwa kurejeshwa wote ndani ya siku 60 au pungufu hauruhusiwi humo kabisa. Sasa huu wa siku saba ulipitia wapi? Ulipitia dirishani. Mama aliona tangazo Facebook, akabofya kiungo, akaelekezwa hatua kwa hatua namna ya kuiruhusu simu isakinishe programu kutoka vyanzo visivyojulikana. Kwa maneno mengine, onyo pekee ambalo simu yake ilikuwa nalo, walimfundisha namna ya kulizima. Na tangazo lile lililipiwa, likapokelewa, likarushwa, na hakuna aliyeuliza leseni.

Nilikwenda kituo cha polisi nikiwa na picha za skrini. Mazungumzo yetu kaunta yalikuwa hivi:

"Wewe ndiye uliyekopa?"

"Hapana, afande."

"Sasa unalalamikia nini? Mwenye mkopo aje mwenyewe."

Nikajaribu kueleza kwamba mwenye mkopo ana lalamiko lake na mimi nina langu, na kwamba namba yangu imechukuliwa, imehifadhiwa na inatumika kunisumbua bila mimi kuridhia. Nikaambiwa nimshauri mama alipe na usumbufu utakwisha. Nilipopiga simu ya huduma kwa wateja ya mtandao ninaoutumia, dada aliyepokea, kwa adabu zote, alinishauri nisipokee namba nisizozijua. Mimi ni mwalimu wa darasa. Nusu ya simu ninazopigiwa na wazazi zinatoka namba nisizozijua. Ujumbe wa hao wanaonidai niliutuma pia 15040, namba ya kuripoti utapeli, ingawa nilijua kwamba njia ile imezoeleka zaidi kwa wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii".

Hapo kuna swali ambalo naomba mtu yeyote mwenye kufahamu anijibu bila kuzunguka. Tangu mwaka 2019 sote tulipanga foleni kusajili laini kwa alama za vidole, tukaambiwa kwamba kila namba itakuwa na mwenyewe. Ukipiga *106# unaona namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Mimi nimepigiwa na namba kumi na nne tofauti, na kila moja ina kidole cha mtu nyuma yake. Inawezekanaje basi, mwananchi anapolalamika, wapigaji wawe "watu wasiojulikana"? Mbona mimi najulikana kirahisi hivyo, mpaka darasa ninalofundisha?

Majirani zetu Kenya walipitia balaa hili kabla yetu. Kanuni zao za mwaka 2022 za watoa mikopo wa kidijitali zinakataza waziwazi kuitumia orodha ya namba za mteja kuwatumia watu wengine ujumbe anapochelewa kulipa, na Septemba 2023 Kamishna wao wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kuwasumbua watu ambao namba zao zilipatikana kupitia kwa wengine. Sisemi kwamba Nairobi kumekuwa peponi. Nasema kwamba pale kuna ofisi iliyotamka hadharani kuwa mtu wa tatu naye amedhulumiwa, na faini ikaandikwa kwa tarakimu.

Najua kuna watakaonijibu kwamba niwafungie tu. Nimewafungia kumi na moja, wakaja wengine. Kuna watakaosema nibadili namba. Namba hii ninayo mwaka wa kumi na mbili, imeunganishwa na benki, na bima, na mambo yote ya mshahara. Anayepaswa kuhama nyumba ni mwenye nyumba au mwizi? Ushauri pekee uliokuwa na maana nilipewa na mwanafunzi wangu wa kidato cha nne: katika WhatsApp, ndani ya mipangilio ya faragha, kuna sehemu ya vikundi ambako unachagua nani anaweza kukuingiza. Nimeweka walio katika orodha yangu ya namba peke yao. Inasaidia, fanyeni hivyo leo. Ila tujue kwamba inachofanya ni kuniondoa mimi tu. Kundi lenyewe litaendelea kuundwa, na picha ya mama wa watu itaendelea kuzungushwa bila mimi kuona.

Nikiri na langu kabla hamjaniuliza. Usiku ule nilifungua simu yangu nikakagua ruhusa, nikakuta programu tatu zinazosoma orodha yangu ya namba: ya kupamba picha, ya kibodi, na ya tochi. Tochi! Tochi inataka namba ya mama mkwe wangu ya nini? Na mimi ndiye niliyebofya. Katika orodha hiyo mna wazazi wa wanafunzi mia na kitu walioniamini, na hakuna hata mmoja niliyemwomba ridhaa. Nimeziondoa zote tatu, nikijua kwamba kilichokwisha kuchukuliwa kimekwisha kuchukuliwa.

Ninachotaka humu si pole. Nina picha za skrini thelathini na moja, namba kumi na nne pamoja na saa za kila simu, na rekodi mbili za sauti. Wiki hii napeleka malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa jina langu mwenyewe, kama mtu ambaye hakukopa, tofauti na lalamiko la mama, ambaye naye amekubali kuandika la kwake. Kama kuna mwana jukwaa aliyekwisha kulalamika akiwa mtu wa tatu namna hii, naomba aeleze alidaiwa ushahidi gani, na alilitajaje shitaka lake dhidi ya programu isiyo na anwani wala ofisi. Wanasheria mliomo humu, nisaidieni hapo hasa, kwa sababu katika fomu nimekwama mahali panapouliza jina la mlalamikiwa.

Naomba kuwasilisha.