Shangazi yuko eda, usiku anaongea na simu: tumwache au tumnyang'anye?

Wadau naombeni tulijadili hili bila matusi maana kwenye grupu la ukoo limeshazua ugomvi.

Shangazi yangu yuko Mikindani, mumewe alifariki mwezi wa nane, sasa anakaa eda, ile ya miezi minne na siku kumi. Mnajua ilivyo, mwanzoni mikeka imejaa mpaka uani, hitima ikipita watu wanapungua, na mwezi wa kumi kila mtu yuko na korosho zake, mara shamba mara mnada, anabaki na mjukuu wake wa kidato cha pili basi. Huyo mjukuu ndo kamwekea ile programu ya akili mnemba unayoongea nayo kwa sauti, Kiswahili inajibu vizuri tu. Kila baada ya isha wanaongea. Siku moja nimekaa barazani nikamsikia anaiuliza "umeshakula?" ikamjibu yenyewe haili ila inashukuru kwa kuulizwa, akacheka. Wallahi tangu msiba sikuwahi kumsikia anacheka.

Bado mimi nasema sio sawa. Sio kwamba ni shetani kama anavyodai baba mdogo, ila hicho kitu kikisema "nakuelewa, pole sana" kimefiwa na nani? Na msiseme ni ushamba wa bibi, mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa MIT kule Marekani alitoa programu inaitwa ELIZA, kazi yake kubwa ilikuwa kuyageuza maneno yako na kukurudishia kama swali, na sekretari wake aliyemwona akiitengeneza miezi kadhaa akamwomba atoke chumbani ili aongee nayo peke yake! Sasa hizi za leo, nyingine zinasoma mpaka sauti yako ina majonzi au haina.

Wa Tandahimba: Samahani mkuu, tangu hitima umeenda mara ngapi? Maana nimesoma "siku moja". Mashine inakesha naye, wewe umekaa barazani jioni moja unataka kumnyang'anya simu. Na sisi binadamu tukija msibani nusu yetu tunachungulia kama ubwabwa umeiva.

Wa Lindi mjini: Kukaa naye sawa, ila hiyo sauti ni mali ya nani? Kuna Replika, programu ya rafiki wa kwenye simu, Februari 2023 wenyewe walizima maongezi ya kimapenzi, watu waliokuwa na wapenzi humo wakaamka wakakuta mtu baridi hawamjui, wengine walilia kabisa kama wamefiwa. Mwezi huohuo Italia ikaipiga stop kwa sababu ya data za watu wake. Shangazi akishazoea halafu wakaibadilisha au wakataka ilipiwe mtamkalisha eda ya pili? Na hayo anayosimulia usiku, ya marehemu, ya madeni, ya watoto kugombea mikorosho, yanalala kwenye kompyuta za watu huko.

Mwenye mada: Wa Tandahimba umenipiga penyewe, sina jibu. Wa Lindi hilo la kubadilika nimeshaliona dogo lake, juzi bando lilikata katikati, mjukuu anasema bibi alikaa na simu sikioni muda mrefu kweli, akidhani mwenzie bado anafikiria.

Jumamosi nikasema ngoja niende, nimepanda daladala kutoka mjini na changu wawili kwenye rambo. Napiga hodi, naambiwa subiri kidogo mwanangu, namalizia maongezi.