Skolashipu ya ROTC: mzazi ni raia, kijana ana green card. Inawezekana?

Mzizima_Dallas: Wakuu, habari za leo. Kijana wangu anaingia mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Texas. Alizaliwa Tanga, anatimiza miaka 18 Novemba. Anataka skolashipu ya miaka minne ya ROTC (mafunzo ya uafisa wa jeshi yanayofanyika chuoni), jeshi la nchi kavu. Mimi niliapishwa uraia mwaka jana, yeye bado anatumia green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu. Anaruhusiwa kuomba? Na wanatazama nini zaidi, maksi au mbio?

Bandarini: Mkuu, kwa green card pekee hapati, hii ni ya raia tu. Lakini kijana wako huenda ni raia tayari. Kwa sheria ya uraia wa watoto ya mwaka 2000, mtoto aliye chini ya miaka 18, mwenye ukaazi wa kudumu na anayeishi Marekani chini ya ulezi wa mzazi wake, anakuwa raia siku ileile mzazi anapoapishwa. Haapi wala hafanyi mtihani. Na akishaupata, kufikisha 18 hakumwondolei.

Anachokosa ni karatasi. Aende mwenyewe na fomu DS-11 kuomba pasipoti, akiwa na cheti cha kuzaliwa chenye jina lako, hati yako ya uraia na green card yake. Fomu N-600 ya kuomba cheti cha uraia nayo ipo, ila ni ghali na inakaa sana. Anzeni na pasipoti, tena wiki hii.

Kwata_Saa11: Maksi: wastani wa shule (GPA) wa 2.5 kati ya 4, na mtihani wa kuingia chuo, SAT 1000 au ACT 19. Hicho ni kizingiti cha mlango tu, wanaochukuliwa huwa juu ya hapo. SAT arudie.

Mbio: kuinua kiwiliwili dakika moja, pushapu dakika moja, kisha maili moja. Afanye mazoezi kwa mpangilio huohuo, maana anayezoea kukimbia akiwa mbichi hushangaa miguu inapogoma siku ya kipimo. Pushapu ambayo kifua hakijashuka vizuri haihesabiwi. Na mzunguko wa kwanza wa maili asiukimbie kwa nguvu zote, vijana wengi humalizikia hapo.

Dirisha la maombi hufunguliwa Juni na kufungwa mwanzoni mwa Februari, lakini asingoje Februari. Majopo ya kuchagua hukaa zaidi ya mara moja. Faili lililokamilika mapema likikosa jopo la kwanza hupelekwa kwa linalofuata, la dakika za mwisho lina nafasi moja tu.

Kwenye sehemu ya shughuli aandike kila kitu kwa saa za wiki: kazi ya dukani, kulea wadogo zake, kuongoza kwaya. Watoto wetu huacha hayo wakidhani ni mambo ya nyumbani, kumbe yanahesabiwa. Kwenye usaili ataulizwa kwa nini anataka kuwa afisa. Akijibu kwamba jeshi linalipia chuo, amejimaliza.

Mzizima_Dallas: Asanteni sana. Afya je? Alikuwa na pumu utotoni.

Bandarini: Vipimo vinasimamiwa na DoDMERB, bodi ya Wizara ya Ulinzi inayopitia afya za waombaji. Swali ni pumu iliisha lini. Ikiwa hakuna dalili wala dawa baada ya kutimiza miaka 13, kwa kawaida si kikwazo. Ikiwa iliendelea, atakataliwa kwanza, kisha kuna ombi la msamaha, kwa hiyo barua ya kukataliwa isimkatishe tamaa. Tafuteni rekodi za hospitali sasa. Msifiche, dawa alizoandikiwa huonekana.

Jambo jingine la watoto waliochanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, kule nyumbani Tanzania: kipimo cha kifua kikuu cha kwenye ngozi kinaweza kuvimba bure. Ombeni cha damu, hakichanganywi na chanjo hiyo.

Kwata_Saa11: Kabla hajasaini: skolashipu si barua ya chuo, maombi ya chuo anafanya kivyake. Hulipa karo, dola 1,200 za vitabu kwa mwaka, na posho ya dola 420 kwa mwezi wakati wa masomo. Mwaka wa kwanza anaweza kujitoa bila deni. Akiingia wa pili amefungwa: miaka 8 ya utumishi kwa jumla, na akijitoa anaweza kudaiwa fedha zote. Pia atajaza fomu ya usalama yenye majina ya ndugu walio nje. Mwanze kuorodhesha ndugu wa Tanga, wakiwemo wajomba na mashangazi anaowasiliana nao kwa karibu, majina kamili na tarehe za kuzaliwa, maana hapo ndipo fomu hukwama.