Baiskeli ya umeme kwa kilomita 56 kila siku: betri ya ukubwa gani itatosha?

MwendaKazini
Habari zenu. Ninakaa kilomita 28 kutoka kazini, na kwa mwaka mzima nimekuwa nikienda kwa baiskeli ya kawaida siku mbili tu kwa juma, kwa sababu siku ya tatu miguu hukataa. Sasa ninafikiria kununua baiskeli ya umeme, ile ambayo mota husaidia pale tu mwendeshaji anapokanyaga pedali, ili niweze kwenda siku zote tano. Njia yangu ina mlima mmoja mrefu, na jioni aghalabu hukutana na upepo wa mbisho. Baiskeli niliyoipenda ina betri ya volti 36 na ampea-saa 14, na muuzaji ananihakikishia kwamba inakwenda kilomita 100 kwa chaji moja. Je, nimwamini? Na je, nitafika mapema kuliko sasa?

FundiSpoki
Ndugu, huenda muuzaji hakusema uongo, ila hakukuambia ni nani aliyezimaliza hizo kilomita 100: pengine ni mtu mwepesi, asiye na mzigo, katika barabara tambarare, akitumia msaada wa kiwango cha chini kabisa. Ni afadhali ufanye hesabu yako mwenyewe. Ukizidisha volti 36 kwa ampea-saa 14 unapata wati-saa 504, yaani kiasi cha nishati ambacho betri hubeba ikijaa, na kwa msaada wa wastani katika njia yenye mlima unaweza kukadiria matumizi ya wati-saa 12 kwa kila kilomita. Kwenda tu kutakugharimu wati-saa 336 hivi, na kwenda na kurudi 672, kwa hiyo betri hiyo haitakurudisha nyumbani usipoichaji kazini.

Hata ukiichaji huko, pima kwa siku mbaya na kwa betri iliyozeeka, usipime kwa siku njema na betri mpya. Jioni ya upepo mkali matumizi yakipanda hadi wati-saa 15 kwa kilomita, utahitaji 420. Betri mpya itakufikisha, lakini ikishapungua hadi asilimia 80 ya uwezo wake itabakiwa na wati-saa 403, na hapo utamalizia safari kwa nguvu zako juu ya chombo chenye uzito wa kilo 20 na zaidi. Nako kuzeeka kwenyewe hakuko mbali, maana kwa safari zako utatumia takriban mizunguko 300 kamili ya chaji kwa mwaka (mzunguko mmoja ni kutumia ujazo mzima wa betri mara moja), ilhali betri nyingi za lithiamu hufikia kiwango hicho baada ya mizunguko kati ya 500 na 1,000. Kama bajeti inaruhusu, tafuta betri ya wati-saa 600 au zaidi.

Kanyaga_Taratibu
Kuhusu muda, usitarajie muujiza. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, mota ya baiskeli ya namna hii haipaswi kuzidi wati 250 za mfululizo, na msaada hukatika ukifika kilomita 25 kwa saa; mahali pengine kikomo ni cha juu zaidi, kwa hiyo angalia sheria ya kwenu kabla ya kulipa. Kwa kikomo hicho, kilomita 28 haziwezi kupungua sana chini ya saa moja na dakika saba, na ukijumlisha taa za barabarani utazidisha. Mahali utakapookoa dakika ni mlimani, kwenye upepo, na kila unapoondoka baada ya kusimama. Faida kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba Alhamisi inafanana na Jumatatu.

FundiSpoki
Hilo ni kweli. Niongeze jambo moja ambalo wanunuzi hulisahau: mota ya katikati, ile iliyo penye pedali, hupanda mlima vizuri kwa sababu hutumia gia zako, lakini nguvu yake yote hupita kwenye mnyororo, nao huisha upesi pamoja na meno ya gia. Mota ya kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma huuhurumia mnyororo, ila siku ya pancha utakuwa na nyaya na nati za kuhangaika nazo njiani. Kwa mlima mrefu ningechagua ya katikati, kisha ningekagua mnyororo kila mwezi.

MwendaKazini
Nashukuru sana. Kazini wameniruhusu kuichaji chini ya meza yangu. Chaja yake ni ya ampea 2. Je, saa nane za kazi zitatosha?

Kanyaga_Taratibu
Zitatosha. Kurudisha wati-saa 336 ni kama saa tano hivi kwa chaja hiyo. Tumia chaja iliyokuja na baiskeli, usiweke betri kwenye njia ya kutokea, na kama imewahi kuanguka vibaya au imevimba, usiichaji kabisa mpaka ikaguliwe.

MwendaKazini
Basi nitaiacha hiyo ya 504 na kuulizia yenye betri kubwa zaidi na mota ya katikati, kwa sharti kwamba muuzaji aniruhusu kwanza kuipandisha mlima wangu nikiwa na begi langu la kila siku mgongoni.